Kulala Nje kwa Kupenda

Zuleica, mzaliwa wa Quiterajo ambaye siku hizi anakaa Mocímboa da Praia na kushona nguo kwenye kibaraza cha nyumba yake, ni mtu wa kukataa kwanza. Ukimpelekea kitambaa atakwambia hakitoshi, kisha atakushonea gauni na kipande kibaki cha kofia ya mtoto. Ukimwalika harusini atakwambia kiuno kinamuuma, na saa ya vigelegele sauti yake ndiyo itakayosikika mpaka mtaa wa pili. Mashoga zake walishamjua. Ile hapana yake ya kwanza hawakuijibu. Waliisubiri ipite, kama mtu anavyolisubiri lori la mchanga lipite ndipo avuke njia.

Mashoga wenyewe walikuwa watatu. Cadija, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa mpika vitumbua, mtu mzima kumpita Zuleica, mwenye mwili wa kutosha na woga wa kutosha. Laila alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mdogo wao wote, na tangu azaliwe hakuwahi kuona jambo jipya akaliacha lipite hivihivi. Wa tatu Catarina, Mmakonde wa huko juu uwandani, mpishi wa shule hiyohiyo ya Laila, mwanamke mrefu wa maneno machache ambaye akicheka husikii sauti yake, utaona mabega tu yanatikisika. Alasiri nyingi walikuwa wakikutana kwenye kibaraza kile, wanapiga soga huku cherehani inakwenda.

Alasiri moja ya mwezi wa saba, shule zimefungwa na joto la kaskazi limeshasahaulika, Laila alikuja na simu mkononi. Aliwaonyesha picha: watu wazima, wenye afya zao, wamekaa mbele ya hema kando ya ziwa, wanachoma mahindi.

"Hawa wamelipa nauli kwenda kulala porini," alisema.

Cadija aliisogeza simu karibu na jicho. "Wanamkimbia nani?"

"Hawamkimbii mtu, mama Cadija. Wanapumzika."

"Nyumba hawana?"

"Wanazo. Nzuri kuliko hizi zetu."

Cherehani ilisimama. Wote wanne walitazamana, maana hapakuwa na hata mmoja wao ambaye hakuwahi kulala porini. Ule mwaka wa kukimbia vita Zuleica alilala chini ya mikorosho hata akasahau sura ya dari, kisha akapelekwa kambini, akalala chini ya turubai jeupe lililokuwa likipiga makofi usiku kucha. Cadija alilala ndani ya mtaro. Laila alilala juu ya mti, na mpaka leo hajui alipandaje. Hayo hawakuwa wakiyazungumza. Yakitajwa, mtu alikuwa akinyanyuka kwenda kuangalia jiko.

Catarina ndiye aliyeanza. Mabega yalitikisika, yakatikisika, mwishowe akasema, "Kumbe tulikuwa matajiri tusijijue."

Basi hapo kibaraza kilivunjika. Cadija alicheka mpaka akaushika mlango. Laila alikaa chini sakafuni. Zuleica alitoa machozi akayapangusia gauni la mteja, na kila walipotaka kunyamaza mmoja alisema, "Wamelipa nauli," wakaanza upya. Wapita njia walisimama kutazama kulikoni, wakaishia kucheka wao pia bila kujua wanachekea nini.

Walipopata pumzi, Catarina alisema kwao juu kuna ziwa. Linaitwa Nantimbo, liko kwenye bonde la mlimani, na maji yake ni baridi kama ya kisimani. Kaka yake, Raimundo, alikuwa na pikapu ya kupandisha samaki wakavu na kuteremsha mihogo kila mwisho wa juma. Angeweza kuwachukua Jumamosi na kuwarudisha Jumapili.

"Twendeni," alisema Laila. "Tukalale nje. Safari hii kwa kupenda wenyewe."

"Mimi hapana," alisema Zuleica. "Nina nguo za watu hapa. Na nyumba nimwachie nani? Na kiuno changu na baridi hawapatani."

Wakamsubiri.

"Isitoshe sina hata hema."

Wakazidi kumsubiri. Zuleica akageuza macho, na macho yakaangukia nyuma ya mlango. Pale palikuwa na furushi alilolifunga siku aliyorudi kutoka kambini na hakulifungua tena: kapulana mbili za kujifunga, kitambulisho, sindano, uzi, sabuni, kiberiti. Kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na furushi la namna hiyo. Alilitazama, akaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Mzigo ninao tayari," alisema. Na hiyo ndiyo ilikuwa ndiyo yake.

Hema alilishona mwenyewe. Laila alimletea turubai la msaada, zima kabisa, lakini Zuleica hakutaka hata kuligusa. Alisema amelala kwenye plastiki za kutosha, na kama anakwenda kulala nje kwa kupenda, basi atalala kwenye maua. Alitoa mabaki ya kapulana aliyokuwa akiyaweka miaka yote, yenye majogoo, yenye miavuli, yenye mabibo mekundu, akayaunga moja na jingine kwa mshono wa mara mbili. Juu aliweka sehemu ya kupitishia mwanzi, pembeni akashona vishikizo vya kamba. Sakafu nayo aliishona humohumo ndani, nyoka asipate pa kuingilia, maana Cadija alikuwa amekula kiapo kuhusu nyoka. Walipolisimamisha uani ili kulijaribu, lilionekana kama nyumba ya bibi harusi. Watoto wa jirani waliingia wakakataa kutoka. Mume wa Cadija, mzee Amade, alilizunguka akiwa ameweka mikono nyuma, akauliza jikoni ni wapi.

Jumamosi asubuhi Raimundo alifika. Alikuwa mtu mpole mwenye koti kubwa la kijeshi la zamani, na alipoona mizigo alikuna kichwa. Palikuwa na hema, mianzi, sufuria tatu, godoro la Cadija, ndoo ya vitumbua, nazi, mchele, na samaki wakavu.

"Dada zangu, tunakwenda ziwani," alisema. "Samaki wapo."

"Hao siwajui," alijibu Cadija. "Hawa nawajua."

Zuleica na Laila walipanda nyuma juu ya magunia, Cadija na Catarina wakakaa mbele na Raimundo. Barabara ilikuwa na vumbi na mashimo, na kila shimo lilimtoa Laila kicheko kipya. Kabla ya kuanza kupanda walifika kwenye kizuizi. Askari kijana, mtu wa kusini asiyejua Kiswahili, alikuja na kuuliza kwa Kireno wanakwenda wapi. Laila alimjibu, na huku nyuma akawafasiria wenziwe.

"Nimemwambia tunakwenda ziwani. Anauliza kufanya nini. Nimemwambia kulala."

Askari aliwatazama mmoja mmoja. Aliuliza kama wana jamaa huko.

"Nimemwambia hatuna. Tutalala nje. Anauliza kuna nini kimetokea kwetu. Nimemwambia hakuna."

Askari alimgeukia Raimundo, akamuuliza jambo kwa sauti ya chini. Raimundo aliinamia usukani, na Laila akaziba mdomo.

"Anasema nini?" aliuliza Cadija kutoka mbele.

"Anauliza kama mmefukuzwa na waume zenu."

"Mwambie wangu nimemwacha nyumbani anachunga kuku. Kama kuna aliyefukuzwa ni yeye."

Laila alifasiri. Askari alijitahidi kuweka uso wa kazi lakini ulimponyoka. Akaelekeza kidole kwenye furushi refu la hema, akataka lifunguliwe. Basi walishuka, wakalikunjua kando ya barabara, majogoo na miavuli na mabibo yote yakatandazwa juani. Kijana yule akamwita mwenzake aje aone. Mwenzake naye akaja, akauliza nani ameshona, na Zuleica akasema ni yeye, huku macho yake yameshaona kwamba mfuko wa suruali ya yule wa kwanza umefumuka unaning'inia. Hakuuliza. Alitoa sindano, akamfanyia ishara asimame karibu, akaushona mfuko pale pale, na yule kijana na bunduki yake akasimama wima kama mtoto anayepimwa nguo ya sikukuu. Cadija aliwagawia vitumbua. Walipoondoka waliambiwa wasivuke kijiji cha ziwani na wawe wamerudi kesho mapema, wakapungiwa mkono mpaka kona ikawameza.

Pikapu ilianza kupanda. Hewa ilibadilika, ikawa nyembamba na yenye harufu ya majani yaliyochomwa. Masikio ya Cadija yaliziba, akawa anazungumza kwa kelele akidhani wengine nao hawasikii. Halafu barabara ikapinda juu ya mgongo wa mlima, na chini yao, katikati ya mabonde ya kijani, likaonekana ziwa. Lilikuwa limetulia, halina povu wala mawimbi ya kuvunjika. Zuleica aligonga paa la gari ili Raimundo asimame. Akanyanyuka pale juu ya magunia.

"Halipumui," alisema.

Raimundo aliwashusha kwenye uwanja wa majani karibu na maji. Kabla hajaondoka aliulizwa na Cadija kuhusu mamba, kuhusu viboko, kuhusu nyoka, kuhusu majini, na kwa kila swali alijibu hakuna; watoto wa kijiji wanaoga pale kila siku. Mwishowe Cadija alimuuliza kuhusu baridi. Hapo Raimundo alivua koti lake akampa.

Ubishi ulianzia kwenye hema. Catarina alitaka lisimamishwe chini, penye majani laini na kichaka cha kuzuia upepo. Zuleica alitazama maji, akatazama pale, akatikisa kichwa.

"Hapo tutafikiwa."

"Na nani?"

"Na maji. Mwezi umejaa, leo ni bamvua, maji yatapanda."

Catarina aliweka ndoo chini. "Shoga yangu, haya maji hayaendi popote na hayaji popote. Yamekaa hapa tangu bibi yangu hajazaliwa."

"Ndivyo unavyojua wewe uliyekuwa umelala. Bahari nayo ukiitazama mchana utasema imekaa."

Cadija alikuwa upande wa Zuleica, tena kwa nguvu zote. Laila, ambaye alikuwa akiwafundisha watoto mambo ya mwezi na maji, alijaribu kueleza, akaambiwa mwalimu apumzike, shule zimefungwa. Basi hema lilipandishwa juu ya mwinuko, mbali na maji, mahali pa wazi kabisa. Catarina alipigilia vigingi, mabega yakitikisika. Cadija aliteremka peke yake mpaka ukingoni, akachota maji kwa kiganja, akayaonja kwa ncha ya ulimi. Akayaonja tena. Akakunywa.

"Yote haya," alisema, akilionyesha ziwa zima kwa mkono, "na sisi tunapanga foleni ya kisima."

Jua lilipoanza kushuka, wale Waislamu watatu walitaka kusali, na hapo likazuka jambo jingine. Nyumbani hakuna anayejiuliza kibla: bahari ikiwa mkono wako wa kulia, umeshaelekea. Cadija alitia udhu, akatandika mkeka, akaliweka ziwa mkono wa kulia, na Zuleica akajipanga nyuma yake bila kufikiri. Catarina, aliyekuwa akikoroga wali, aliwatazama, akatazama jua, akakohoa.

"Samahani," alisema yule Mkristo wa watu. "Mimi si dini yangu. Lakini jua linazama mbele yenu."

Waligeuka, wakaona kweli, wakageuza mkeka. Laila alishindwa kujizuia. Kila alipofika kwenye kusujudu mgongo wake ulianza kutetemeka, na ikabidi aanze upya, peke yake, nyuma ya hema.

Walikula wali wa nazi na samaki wao wa bahari. Baridi ilishuka ghafla kama mtu aliyefungua mlango. Walivaa kila walichokuja nacho. Cadija alivaa mpaka taulo, na juu yake koti la Raimundo, akawa hawezi kushusha mikono. Waliimba nyimbo za harusi, wakamfundisha Catarina vigelegele vya pwani, naye akawafundisha wimbo wa kwao wa kutwanga ambao maneno yake hakukubali kuyafasiri. Walipoingia ndani ya hema walilala wamebanana kama ndizi kwenye chane. Zuleica alikuwa na desturi, tangu miaka ile, ya kulala na sikio moja wazi. Mlango ukilia, mbwa akibweka, tayari amekaa. Usiku ule alikusudia kufanya vivyo hivyo. Alisikia Cadija akianza kukoroma, akasikia Laila akicheka usingizini, na alichosikia baada ya hapo kilikuwa ndege. Jua lilikuwa limepenya kwenye kapulana, na uso wake mzima ulikuwa mwekundu wa mabibo. Alikaa akishangaa. Alijisikia mwepesi, kama aliyeibiwa kitu kizito.

Asubuhi hiyo walikuwa wamekaa nje juu ya godoro wanakunywa chai ya tangawizi, na Cadija alikuwa amebaki na gauni la ndani na lile koti tu, kwa kuwa nguo zake nyingine alikuwa amezitandika humo ndani, ndipo upepo ulipokuja. Ulishuka kutoka mgongoni kwa mlima, ukapiga ule mwinuko wa wazi, na hema likajaa kama shavu la mpiga tarumbeta. Kigingi cha kwanza kiling'oka. Catarina alisimama. Cha pili kiling'oka. Kisha hema likaruka juu, likadunda, likabiringika kuteremka mlima, majogoo yakija juu miavuli ikienda chini, mianzi ikitawanyika njiani, nao wanne nyuma yake wakikimbia na vikombe mikononi.

"Nguo zangu," alisema Cadija. "Nguo zangu zimo."

Hema liliufikia ukingo wala halikusimama. Liliingia majini kwa mgongo, likazunguka, likalowa. Wakadhani litazama. Lakini kitambaa kikilowa hushika hewa, kila msichana wa pwani anajua hilo. Akiwa mdogo huichukua kapulana ya mama yake, akaipiga juu ya maji, akaifumbata midomo, ikamfanyia puto la kulalia. Hema lilivimba kama samaki bunju na kuanza kuondoka taratibu, likielekea ng'ambo.

Mtumbwi haukuwepo. Laila hakujua kuogelea, Catarina alijua kidogo, Cadija alikuwa hasemezeki. Zuleica alivua kilemba, akajifunga kapulana kibwebwe.

"Nitafika kiunoni tu," alisema. "Nikilikosa, basi."

Alipoingia maji yalimuuma miguu kwa baridi. Alikwenda mpaka magotini, mpaka kiunoni, na hema likawa hatua chache mbele yake. Aliongeza. Maji yakamfika kifuani, na hapo alisimama, maana maji ya kifuani aliyajua. Mara ya mwisho yalipomfika hapo ilikuwa baharini, ule mwaka, usiku, amemwinua mjukuu wake juu ya kichwa ili mtu aliyekuwa ndani ya boti amshike. Mtoto alishikwa, leo yuko Pemba, mji mkuu wa jimbo, anasoma. Lakini tangu siku ile Zuleica hakuingiza majini zaidi ya vifundo vya miguu, na aliyemuuliza alimwambia habari ya kiuno.

Nyuma yake alisikia wenziwe wakibishana kama arudi au aendelee. Mbele yake jogoo mmoja mkubwa wa njano alikuwa akielea, jicho lake limemtazama. Zuleica aliinua miguu kutoka chini.

Mikono ilikumbuka yenyewe. Miguu nayo ikakumbuka, kwa kuchelewa kidogo. Huko Quiterajo, kabla hajawekwa ndani na kufundwa, alikuwa akishindana na kaka zake mpaka kwenye nguzo za wando, ule uzio wa kunasia samaki, naye ndiye aliyekuwa akifika wa kwanza. Kisha akawa mwanamke mzima, na mwanamke mzima haogelei mbele za watu, basi ikaishia hapo. Sasa alitupa mkono mmoja, akatupa wa pili, akashtuka kuona anazama kuliko alivyotarajia. Maji yale hayakuwa yakibeba kama ya bahari. Alipiga miguu zaidi, akameza funda, akangoja chumvi imchome koo. Haikuja. Yalikuwa matamu. Hapo, katikati ya ziwa la watu, mwanamke aliyekwisha kupata wajukuu alianza kucheka, na kucheka huku unaogelea si kazi ndogo. Alimeza mengine, akacheka zaidi.

Alilifikia hema, akaudaka mdomo wake na kuufumba kwa mikono miwili ili pumzi isitoke, akajilaza juu yake. Hakuweza kulivuta kurudi. Upepo ulikuwa na nguvu kumshinda. Basi aliacha kushindana. Alilala kifudifudi juu ya majogoo na miavuli, upepo ukimsukuma, jua likimpiga mgongoni, na kando ya ziwa aliwaona wenziwe wakikimbia kuzunguka ukingo: Catarina mbele na miguu yake mirefu, Laila nyuma yake anapunga kilemba, na mbali kabisa koti la kijeshi linatembea peke yake.

Upande wa pili palikuwa na matete, na kati ya matete mwanamke mzee alikuwa akisafisha mihogo. Jina lake, kama walivyokuja kujua, lilikuwa Elisa. Aliona kitu chenye rangi zote za duniani kikija juu ya maji. Kikakwama kwenye matete. Kutoka juu yake akashuka mwanamke aliyelowa chapachapa, anacheka hata hawezi kusalimia.

Elisa alishika kisu chake vizuri. "Umetoka wapi wewe?"

"Quiterajo," alisema Zuleica, kwa kuwa ndilo jibu alilozoea.

Bibi alifikiri. "Mbali hivyo," alisema, "umekuja kwa kuogelea?"

Zuleica alikaa kwenye tope. Wenziwe walipofika wakihema waliwakuta wote wawili wamekaa, mmoja anacheka, wa pili ameshika kisu na mhogo anangoja aelezwe. Catarina alimweleza kwa Kimakonde, tangu mwanzo, mpaka bamvua. Kwenye bamvua bibi alikiweka kisu chini, akafunika uso kwa kanga.

Hema lilitandazwa juu ya vichaka likauke, na nguo za Cadija pembeni yake. Wakati wanangoja hapakuwa na la kufanya, na ukingo ule ulikuwa wa mchanga, maji yake mafupi, umefichwa na matete. Catarina alikuwa wa kwanza kurudi majini. Laila akafuata, na Zuleica akamlaza chali juu ya viganja vyake, akimwambia aangalie mawingu aache kushika shingo ya watu. Mara ya kwanza alizama pua. Mara ya tatu alikaa juu kwa muda, macho yamemtoka, hathubutu kuzungumza. Cadija alisema yeye haingii maji baridi kwa sababu yoyote, akavua koti la Raimundo ili lisilowe, akaingia, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumtoa. Alikaa kwenye maji ya magoti akijimwagia kwa mikono, akitoa vile vigelegele vya pwani, na mlima ukimrudishia.

Raimundo aliwakuta hapo. Alikuwa amefuata mianzi iliyotawanyika, kisha vikombe, kisha nyayo, akizidi kuongeza mwendo. Alipowaita kutoka barabarani alijibiwa na sauti nne kwamba asubiri, tena asishuke. Basi alisubiri. Elisa alimpelekea mihogo ya kuchoma kwenye jani, akamwambia mambo yote, na akayasema vizuri sana hata Raimundo akawa hataki tena waharakishe.

Walipotoka, Elisa alikuwa amesimama mbele ya hema anapapasa mshono. Mjukuu wake angeolewa baada ya mavuno, alisema, na hakuwahi kuona kitambaa cha namna hiyo. Hakuomba. Alisema tu. Zuleica alifungua mdomo kusema hapana, kwa mazoea, wenziwe wakaisubiri ipite, lakini haikuja.

"Mwekee bibi harusi," alisema. "Sakafu imo. Nyoka hapiti."

Walishuka mlima wakiwa na gunia la mihogo, maboga mawili, na nywele mbichi zenye harufu ya majani. Pale kizuizini yule askari kijana alitoka kuwatazama, akamuuliza Laila walilalaje.

"Anataka kujua mmelala vipi," alifasiri Laila.

Zuleica, aliyekuwa amelala usingizi juu ya magunia, aliambiwa na Catarina swali hilo siku ya pili.

Sasa Jumapili asubuhi, kabla watu hawajawa wengi, ukipita upande wa pwani ulio na mikoko utawaona. Laila anaelea mwenyewe, na ameshaanza kutupa mikono, ingawa anakwenda upande. Catarina huja akipata nafasi. Wamekuja na wengine wa mtaani, wasichana na watu wazima, wamejifunga kapulana vifuani, wanapiga kelele maji yakiwafika tumboni. Zuleica huwa katikati yao, kilemba hana, anaamuru kama mtu wa bandari.

Cadija ndiye anayelinda nguo. Hukaa kwenye mchanga na ndoo yake ya vitumbua, na kila mgeni akija humsimulia habari ya Nantimbo: upepo ulivyokuwa, na hema lilivyoondoka na yeye mwenyewe akiwa ndani, na mamba aliyekuja ubavuni. Sauti yake inafika mpaka majini. Wenziwe wakimsikia hutazamana, Zuleica akawafanyia ishara wamwache, kisha anazama na kuibukia mbele zaidi.